Kilicho Chini ya Kofia

Mgonjwa akiambiwa kwamba gego lake halizibiki tena na sasa linahitaji kuvalishwa kofia, swali lake la kwanza huwa lilelile, awe Kariakoo, Kisumu au Chake Chake: ya nini? Ya chuma, ya dhahabu, ya kauri, au hiyo inayosifiwa siku hizi, zirkonia? Daktari anatoa kisanduku cha mifano, meno yamepangwa mstari mmoja kila moja na bei yake, na kuanzia hapo mazungumzo yanakuwa ya dukani. Ipi inadumu, ipi inafanana na meno yangu, unanipunguzia ngapi. Wiki mbili baadaye mgonjwa yuleyule anarudi ameshika shavu. Maji ya friji yanamchoma hadi kichwani, chai nayo hivyo hivyo, na upepo wa dirisha la daladala ndio usiseme. "Daktari," anasema, "hiki chuma ulichonivisha hakijanipenda."

Mara nyingi chuma hakina kosa. Kosa, kama lipo, limelala chini yake: katika jino hai lililochongwa, likapata moto wa mashine, likakaushwa kwa hewa, likapakwa saruji yenye asidi, kisha likafungiwa gizani. Nisieleweke kwamba swali la "ya nini" ni la kipuuzi. Lina uzito, ila uzito wenyewe hauko pale watu wanapoutafuta. Malighafi ya kofia huufikia mshipa wa jino kwa milango miwili hasa. Wa kwanza ni unene inaoudai, maana unene huo lazima ukatwe kwenye jino lako. Wa pili ni aina ya saruji inayoitaka ili ishike.

Tuanze na jino lenyewe. Ganda lake la juu, enameli, ni gumu kuliko kitu kingine chochote mwilini, na halina uhai wala hisia. Chini yake kuna dentini, na dentini imejaa mirija myembamba mno, kipenyo cha mmoja kikiwa maikroni moja au mbili hivi. Katika milimita moja ya mraba kuna mirija kama 20,000 karibu na enameli, na zaidi ya 40,000 ukikaribia katikati, kwa kuwa yote inaelekea ndani na inazidi kubanana kadiri inavyokwenda. Kila mmoja umejaa majimaji. Huko inakoishia ndiko kwenye kiini: mishipa ya damu, mishipa ya fahamu, na chembe hai zilizoijenga dentini tangu jino likiwa bado ndani ya taya.

Wataalamu walibishana kwa miaka mingi juu ya jambo lililoonekana dogo. Mishipa ya fahamu haifiki juu ya dentini. Inaingia kidogo tu kwenye mirija kutokea upande wa kiini. Sasa kipande cha barafu kinachogusa juu kinasikikaje chini, tena papo hapo, kabla baridi yenyewe haijapata muda wa kushuka? Jibu linalokubalika mpaka leo lilijengwa kwa majaribio ya Martin Brännström wa Sweden katika miaka ya 1960. Kinachosafiri ni mwendo wa majimaji. Baridi huyasinyaza, hewa kavu huyanyonya, sukari nzito na chumvi huyavuta kuelekea nje. Yakisogea ghafla, ncha za fahamu zilizo kwenye mdomo wa ndani wa mirija zinashtuka, na zinachojua kusema ni neno moja tu: maumivu. Jino halina uwezo wa kutofautisha baridi na utamu. Walaji wa embe bichi kwa chumvi na pilipili wanalijua hili bila kusoma Brännström: asidi ya embe husafisha midomo ya mirija pale enameli ilipokwisha au ufizi uliposhuka, na jioni hiyo hata kupiga mswaki kunatia ganzi.

Ukiyashika haya, utaona kwa nini kofia ni jambo zito hata ikifanywa na mikono mizuri. Ili ikae, jino linachongwa pande zote na juu. Daniel Edelhoff na John Sorensen walipima kwa mizani uzito wa meno kabla na baada ya kuchongwa, na katika matokeo waliyochapisha mwaka 2002 kofia kamili ilikula zaidi ya asilimia 60 ya sehemu ya jino inayoonekana juu ya ufizi, na mara nyingine ikavuka 70. Enameli yote inaondoka. Kinachobaki ni kisiki cha dentini chenye mirija zaidi ya milioni iliyokatwa vichwa, na kila mmoja ni njia ya kufika kwenye kiini.

Halafu kuna moto. Mashine ya kuchonga huzunguka mamia ya maelfu ya mara kwa dakika, na bila maji jino linachemka. Mwaka 1965 Zach na Cohen walipasha moto meno ya nyani kwa vipimo. Kiini kilipopanda nyuzi 5.5 tu za Selsiasi, asilimia 15 ya viini havikupona. Kilipopanda nyuzi 11, vilivyokufa vilifika asilimia 60 hivi. Ndiyo maana ya ule mnyunyizo wa maji unaokulowesha kifua ukiwa kitini. Unakera, lakini ukiona daktari anachonga kwa muda mrefu bila maji, una haki ya kuinua mkono.

Jino linasamehe zaidi kuliko tunavyostahili. Chembe za kiini hujenga dentini mpya upande wa ndani, mirija inaziba taratibu, na ganzi ya wiki za mwanzo inaisha bila mtu kufanya lolote. Huko Oslo, Valderhaug na wenzake walifuatilia meno yaliyovalishwa kofia yakiwa hai, na baada ya miaka 25 asilimia 83 bado yalikuwa na kiini kizima. Mimi husoma takwimu hiyo pande zote mbili. Mengi mno yamesalimika. Lakini katika kila meno sita yaliyoingia chini ya kofia yakiwa hai, moja hivi lilifia humo, pengine kimyakimya, mwenyewe akijua siku ufizi ulipovimba.

Malighafi na bei zake

Dhahabu kwanza, kwa heshima ya umri wake. Pwani yetu jino la dhahabu lilikuwa pambo kabla halijawa tiba, na wapo akina bibi Unguja, Mombasa na Muscat ambao tabasamu lao lilikuwa sehemu ya vito vya familia. Kitabibu dhahabu ya meno huchanganywa na fedha, shaba, paladiamu au platinamu ili iwe ngumu kiasi, na matokeo yake ni malighafi ambayo mpaka leo haijapata wa kuishinda kwenye magego: haivunjiki, haisagi jino la juu yake, inakaa vizuri pembezoni, na haishiki kutu. Inadai unene wa milimita moja tu, au moja na nusu pale penye kutafunia. Jino linachongwa kidogo. Mlango wa kwanza, kwa hiyo, unafunguka nusu.

Ina kasoro moja inayohusu mada yetu. Dhahabu safi hupitisha joto mara zaidi ya 300 kuliko enameli, na ingawa mchanganyiko wa meno hupungua sana hapo, metali inabaki kuwa metali. Mtu aliyevaa kofia ya metali juu ya jino lenye kiini hai atayasikia maji ya barafu mapema zaidi kuliko alivyozoea. Kwa wengi ni jambo la wiki kadhaa, mpaka dentini ya ndani iongezeke. Kwa jino lililokwisha kutibiwa mzizi na kuondolewa mshipa, hoja hii haipo kabisa. Kama ningekuwa na gego la nyuma lisiloonekana na fedha ya kutosha, ningevaa dhahabu bila kuuliza mara mbili. Bei yake sokoni ndiyo iliyoifukuza kinywani, si sayansi.

Nafasi yake imechukuliwa na metali za bei nafuu, hasa nikeli na kromi, au kobalti na kromi, mara nyingi zikiwa zimefunikwa kauri. Ufundi wa kuunganisha kauri na metali bila kupasukiana tanurini ulipata hati zake za ubunifu Marekani mwaka 1962, na ukatawala kliniki za dunia kwa miongo minne. Ni kofia yenye nguvu ya ndani na sura ya nje. Lakini hesabu unene: metali chini, rangi nzito ya kuficha metali juu yake, kisha kauri yenyewe. Milimita moja na nusu hadi mbili. Kwenye jino la mbele la kijana, ambalo kiini chake bado ni kikubwa, milimita mbili ni safari ya karibu sana na mshipa. Baada ya miaka ufizi ukishuka, mstari mweusi unachungulia pembeni, na hapo ndipo wengi huanza kuogopa kwamba "chuma kinatoa sumu". Mstari ule kwa kawaida ni ukingo wa metali unaoonekana tu.

Hofu ya nikeli ina msingi wake, ila si ule wa ganzi. Nikeli ni miongoni mwa vitu vinavyoongoza kwa kusababisha mzio wa ngozi duniani, na wanawake huathirika zaidi, kwa sababu wengi walipata mzio huo kwa kutoboa masikio na kuvaa hereni za bei ya chini. Mwenye mzio aliyevaa kofia ya nikeli anaweza kupata ufizi mwekundu unaowasha kuizunguka kofia, madoa meupe au mekundu shavuni pale panapogusana nayo, wakati mwingine upele mbali na kinywa. Kipimo kipo: kiraka chenye dawa kinabandikwa mgongoni kwa siku mbili na ngozi inasomwa. Kwa hiyo mama ambaye hereni na kitufe cha suruali ya jinzi vinamtoa vipele amwambie daktari kabla ya kofia, si baada. Lakini jino linaloruka kwa maji baridi halisumbuliwi na mzio. Mzio unakaa kwenye ufizi na shavu. Ganzi inakaa kwenye mirija. Nimeona watu wakibadilisha kofia nzuri ya metali kwa ya kauri wakitafuta nafuu ya ganzi, jino likachongwa mara ya pili, na ganzi ikazidi.

Kuna mshtuko mmoja mdogo ambao kweli ni wa metali. Kofia ya dhahabu ikigusana na jino la pili lililozibwa karibuni kwa mchanganyiko wa fedha na zebaki, mate yanakuwa kama maji ya betri, na umeme kidogo unapita. Ni cheche ya sekunde, huisha yenyewe baada ya siku chache.

Kauri tupu ina hadithi ndefu. Mwishoni mwa karne ya 19, daktari wa meno wa Detroit, Charles Land, alitengeneza koti la kauri la kuvalishwa jino la mbele. Mjukuu wake kwa binti ndiye Charles Lindbergh, yule rubani aliyeivuka Atlantiki peke yake mwaka 1927. Koti la Land lilipendeza na likapasuka, na karne nzima iliyofuata ilitumika kulizuia lisipasuke. Leo zimebaki familia mbili zinazostahili kujadiliwa.

Ya kwanza ni kauri ya kioo yenye fuwele za lithiamu disilikati. Nguvu yake ni takriban megapaskali 400, wakati kauri za zamani hazikufika hata 100. Inapitisha mwanga kwa namna inayolikaribia jino halisi, na ndiyo chaguo la kawaida kwa meno ya mbele. Inapenda kugandishwa kwa gundi ya rezini, na hapo mlango wa pili unafunguka, nitarudi huko.

Ya pili ni zirkonia, na hii inahitaji nafasi, maana ndiyo inayouzwa kwa maneno mengi kuliko zote. Zirkonia ni oksaidi ya metali iitwayo zirkoniamu, iliyotambuliwa na Mjerumani Martin Klaproth mwaka 1789. Wauzaji wengi huandika "meno ya zirkoniamu", na mteja anadhani amevishwa chuma cheupe. Si chuma. Ni kauri, imechomwa kwenye joto la nyuzi 1,500 hivi. Sifa yake ya ajabu ilielezwa na Garvie na wenzake wawili huko Australia mwaka 1975: ufa unapoanza ndani yake, punje zilizo kwenye ncha ya ufa hubadilisha umbo na kuvimba kwa asilimia chache, zikaubana ufa usiendelee. Aina iliyo ngumu zaidi hufika megapaskali 900 hadi 1,200. Zile zinazong'ara zaidi, zinazouzwa kwa meno ya mbele, zimetoa kafara sehemu kubwa ya nguvu hiyo ili zipitishe mwanga. Muuzaji anayekupa takwimu ya aina ya kwanza huku akikuvisha ya pili anakudanganya kwa nusu ukweli.

Malighafi ya asili ni mchanga mzito uitwao zirkoni, ambao huchimbwa pamoja na madini ya titani; Kwale, kusini mwa Mombasa, mchanga huo ulichimbwa na kusafirishwa kwa meli kutoka Likoni tangu 2014 hadi mgodi ulipofungwa mwishoni mwa 2024. Mchanga wa aina hii hubeba chembe za urani na thori, na hapo ndipo ilipozaliwa hofu kwamba zirkonia "ina mionzi". Unga wa meno husafishwa, na kanuni ya kimataifa ya kauri za meno, ISO 6872, inaweka kikomo cha bekereli moja kwa gramu kwa urani-238. Cha kuchekesha ni kwamba hapo kale watengenezaji wa meno ya kauri walitia urani kwa makusudi, ili meno yang'ae kama ya asili chini ya taa za urujuanimno. Waliacha desturi hiyo kufikia miaka ya 1980.

Kwa ganzi, zirkonia ina faida mbili. Haipitishi joto kwa kasi ya metali, na ikichongwa kipande kimoja bila kuongezewa kauri juu inatosheka na milimita moja au pungufu, karibu sawa na dhahabu. Lile lalamiko kwamba inasaga jino la juu yake linategemea mng'aro. Ikiwa imepolishwa vizuri ni laini kwa jirani yake. Daktari akiikwaruza kurekebisha mng'ato kisha asiipolishe, amekuachia tupa kinywani.

Saruji, karafuu na mng'ato

Sasa mlango wa pili. Saruji kongwe, ile ya zinki na asidi ya fosforasi, inapochanganywa ina asidi kali kuliko ya maji ya ndimu, na inapakwa juu ya mirija milioni moja iliyo wazi. Inapoa ndani ya saa ishirini na nne, na kofia nyingi zimekaa juu yake kwa miaka thelathini, lakini wagonjwa wengi wa kizazi kilichopita waliijua kwa machozi. Saruji ya glasi-ionoma, iliyobuniwa Uingereza na kutangazwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, hushikana na jino na kutoa floraidi, na ni ya kistaarabu zaidi. Gundi za rezini zina mshiko mkubwa kuliko zote na masharti makubwa kuliko zote: jino likikaushwa kupita kiasi kabla ya kupakwa, au likiwa na mate, au likisuguliwa kwa asidi muda mrefu, gundi haijazi mirija na majimaji yanabaki huru kusogea kila unapotafuna. Hapo ganzi si ya malighafi wala ya saruji. Ni ya dakika tano za haraka.

Pemba inaingia kwenye hadithi hii kwa njia ya pekee. Mafuta ya karafuu, yanayotolewa pia kwenye makonyo katika kiwanda cha Wawi, kwa sehemu kubwa ni kemikali iitwayo yujenoli. Bibi anayekuwekea karafuu kwenye jino bovu na daktari anayekuwekea kofia ya muda wanatumia dawa ileile: yujenoli ikichanganywa na oksaidi ya zinki inakuwa saruji laini inayotuliza kiini kilichokasirika, na harufu yake ndiyo harufu ya kliniki ya meno ambayo kila mtu anaikumbuka tangu utoto. Kofia ya muda iliyogandishwa kwa karafuu humpa mgonjwa wiki mbili za amani. Lakini yujenoli huzuia rezini kukauka sawasawa. Daktari anayepanga kumalizia kwa gundi ya rezini atatumia saruji ya muda isiyo na karafuu, au atalisafisha jino kwa makini kabla ya kugandisha. Akisahau, kofia ya bei ghali inakaa juu ya gundi iliyo teketeke, na mirija inabaki bila kizibo. (Na mafuta yenyewe, kwa anayejitibu nyumbani, yadondoshewe kwenye pamba. Yakimwagika huunguza ufizi.)

Kofia nyingine haiumi kwa baridi. Inauma ukitafuna, na jino linahisi refu. Meno yanayokutana hutambua kitu chembamba cha maikroni 20 hivi, kipimo kidogo kuliko unywele. Sasa fikiria daktari anakagua mng'ato kwa karatasi ya rangi wakati nusu ya taya yako bado ina dawa ya sindano na hujui hata kama umefunga mdomo sawasawa. Unasema "iko sawa" ili uende zako. Usiku dawa ikiisha kofia inagonga kabla ya meno mengine, mara mia kadhaa katika mlo mmoja, na kamba zinazolishikilia jino mfupani zinavimba. Siku chache baadaye linaanza kuitikia baridi pia. Tiba yake ni dakika kumi kitini bila sindano. Nashangaa ni watu wangapi huvumilia miezi mitatu wakiogopa kumsumbua daktari, au wakiogopa kutozwa tena. Rudi. Marekebisho ya mng'ato ni sehemu ya kazi uliyolipia.

Ganzi ya kawaida baada ya kofia ina tabia yake: inakuja na kitu baridi au kitamu, inachoma sekunde chache, inaondoka kitu kikiondoka, na kila wiki inapungua. Dawa ya meno yenye potasiamu naitreti husaidia pale mzizi ulipo wazi pembeni mwa kofia, ila inahitaji wiki mbili hadi nne za matumizi ya kila siku kabla hujaihukumu. Maumivu ya aina nyingine hayangojewi. Yakiendelea dakika nyingi baada ya maji kumezwa. Yakikuamsha usiku bila kuguswa. Chai ya moto ikiyachochea na maji baridi yakiyatuliza. Hapo kiini kinakufa na hakuna kofia duniani, ya dhahabu au ya zirkonia, itakayokifufua. Jino hutibiwa mzizi, mara nyingi kwa kutoboa tundu juu ya kofia hiyohiyo kwa ncha ya almasi, kisha tundu linazibwa na kofia inaendelea na kazi. Anayekuambia ni lazima ununue kofia mpya akueleze sababu.

Meno yasiyouma

Nimeacha mwisho kundi linalonitia wasiwasi zaidi: wanaovalishwa kofia juu ya meno yasiyo na tatizo la kuuma. Uingereza yamekuwa mazungumzo ya kila siku, vijana wanaokwenda Uturuki na kurudi na meno ishirini mapya meupe, ya kwao wenyewe yakiwa yamechongwa kuwa vigingi. Kwetu sababu ni nzito kuliko mitindo. Kuzunguka Mlima Meru, katika sehemu za Arusha, Kilimanjaro na Manyara, na ng'ambo ya mpaka Nakuru na Gilgil, maji ya ardhi ya volkeno yana floraidi inayopita mara kadhaa kikomo cha Shirika la Afya Duniani, miligramu 1.5 kwa lita. Magadi ya kulainishia maharage na makande huongeza nyingine. Mtoto aliyekunywa maji hayo wakati enameli inajengwa anaota meno yenye madoa ya chaki au ya kahawia, na anayaficha kwa kiganja kila anapocheka. Akifika chuo Dar es Salaam au Nairobi na kukutana na tangazo la tabasamu jipya, kofia kumi za zirkonia zinaonekana kama haki aliyocheleweshewa.

Meno hayo yana rangi mbaya na afya ya kutosha. Kiini cha kijana wa miaka 19 ni kikubwa, mirija yake ni mipana, na kuchonga milimita moja na nusu kwake si sawa na kwa mtu wa miaka 50 ambaye kiini kimekwisha kusinyaa. Doa lenyewe, kwa wengi wenye athari ndogo au ya wastani, liko kwenye tabaka la juu. Kusugua kwa unga wa jiwe la pumisi uliochanganywa na asidi hafifu huliondoa kwa kula enameli isiyofika robo ya milimita. Kung'arisha kwa peroksaidi hufuata hapo, na kwenyewe huleta ganzi ya siku kadhaa inayoisha. Palipobaki shimo au doa la kina, rezini ya rangi ya jino inapakwa mbele tu, bila sindano mara nyingi. Itabadilika rangi baada ya miaka mitano au saba na kupakwa upya, na hilo ndilo wauzaji wa kofia hulitaja kama udhaifu. Enameli yenye floraidi nyingi haishiki gundi kirahisi, kwa hiyo daktari hulazimika kuisugua kwa asidi muda mrefu zaidi. Anayeifanya kazi hii Arusha kila wiki anajua hivyo, na ndiye wa kutafutwa kabla ya yule mwenye picha nyingi mtandaoni.

Meno yaliyoathirika vibaya, yanayomeguka yakitafuna, ni kesi nyingine, na hayo kofia inayaokoa. Hata hapo mpangilio unasaidia: magego yaanze, kwa metali au zirkonia nyembamba, na ya mbele yapakwe rezini mpaka kiini kipungue kwa umri. Kabla ya kuchongwa, mgonjwa aombe picha ya eksrei na aonyeshwe kwa kidole kiini kiko wapi na kofia itafika wapi. Picha ile ni ya dakika mbili, na ukubwa wa kiini huonekana hata kwa asiyesomea.